Renesansi inakaa wapi?

Kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi mno, redioni, kwenye mahubiri, kwenye mijadala ya siasa, na juzi tena kwenye kipindi cha elimu: kwamba Ulaya ililala kwenye giza miaka elfu moja, kisha ikaja Renesansi, Ulaya ikaamka, ikaiweka dini kando, ikagundua sayansi, ikawa ya kisasa. Ni kauli tamu mdomoni. Karibu kila kipande chake kina kasoro, na kasoro kubwa zaidi ndiyo isiyoonekana haraka. Inaichukulia Renesansi kuwa zama kamili, yenye tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, iliyopangwa baada ya Zama za Kati na kabla ya Zama za Kisasa kama darasa la tano linavyokaa baada ya la nne.

Maana yenyewe si ngumu, basi tuimalize. Renesansi ni vuguvugu la kitamaduni lililoanza katika miji ya Italia katika karne ya 14, Florence ikiwa mbele, likaenea sehemu nyingine za Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Wasomi wake waliwarudia waandishi wa kale wa Kilatini na Kigiriki, wakawasoma upya na kuiga lugha yao. Wachoraji, wachongaji na wajenzi wakafanya vivyo hivyo kwa sanamu na magofu ya Roma. Zama za Kati, kwa hesabu iliyozoeleka, zinaanza na kuanguka kwa dola ya Roma ya magharibi mwaka 476 na kuishia karibu na mwaka 1500. Ziweke tarehe hizo pamoja. Mshairi Petrarca, mchongaji Donatello, mjenzi Brunelleschi, mchoraji Botticelli katika siku zake nzuri: wote wamo ndani ya Zama za Kati. Renesansi haikuzisubiri ziishe ndipo ije. Ilizaliwa humo humo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi, yaani nani aliyeuchora mpaka.

Mtu wa mwaka 1100 hakujua kwamba anaishi "katikati" ya kitu chochote. Kwa msomi Mkristo wa wakati ule historia ilikuwa na mpaka mmoja mkubwa, kuzaliwa kwa Kristo. Kabla yake kulikuwa na giza la upagani, baada yake nuru. Aliyeugeuza mpangilio huo juu chini ni mshairi Francesco Petrarca, aliyeishi kuanzia 1304 hadi 1374 na aliyeipenda Roma ya kale kupita kiasi. Mwaka 1341 alivishwa taji la washairi mjini Roma. Mwaka 1345, akiwa Verona, alizikuta barua ambazo Cicero, mwandishi na msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, alimwandikia rafiki yake Atticus, na akagundua kwamba Cicero wa barua alikuwa mwanasiasa wa kuyumbayumba, si yule mwenye hekima tulivu aliyemzoea vitabuni. Akaketi akamwandikia Cicero barua ya kumlaumu, ilhali Cicero alikuwa marehemu wa karibu miaka 1,400. Kwa Petrarca nuru ilikuwa ile ya Roma, na giza lilikuwa karne zilizofuata. Katika utenzi wake wa Kilatini aliouita Africa, unaosimulia vita vya Scipio, jemadari wa Roma, dhidi ya Carthage, anatumaini kwamba siku moja giza litatawanyika na wajukuu wataurudia mwanga wa zamani. Huyu ndiye anayeitwa baba wa Renesansi, na yeye mwenyewe alijihesabu bado yumo gizani.

Karne moja baadaye wasomi wa Italia waliacha kutumaini wakaanza kutangaza. Leonardo Bruni, aliyeongoza ofisi ya barua na nyaraka za serikali ya Florence, na Flavio Biondo, aliyefanya kazi ya ukatibu kwa Papa, waliandika historia ambamo anguko la Roma ni mwisho wa jambo moja na siku zao wenyewe ni mwanzo wa jingine. Mwaka 1469 askofu Giovanni Andrea Bussi alitumia maneno ya Kilatini yenye maana ya wakati wa katikati. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji aliyewatumikia akina Medici, ukoo uliotawala Florence, alichapisha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo wa Italia, na humo akazungumzia sanaa kuzaliwa upya, rinascita kwa Kiitalia chake. Yale makanisa marefu yenye matao yaliyochongoka juu hakuyapenda, akayasingizia Wagothi, watu walioiteka Roma mwaka 410. Wagothi hawahusiki hata kidogo. Ujenzi ule ulianzia karibu na Paris, kwenye kanisa la Saint-Denis, miaka ya 1140, wakati Wagothi wamekwisha kusahaulika. Lakini tusi lilishika, na mpaka leo mtindo huo tunauita wa Kigothi bila kukumbuka kwamba lilikuwa tusi.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Shahidi wetu mkuu kwamba Zama za Kati zilikuwa giza ni watu waliokuwa na kila sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa giza likiwa nene, mshumaa wao unaonekana mkubwa.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda kauli ile ya usingizi na kuamka huwa hawalijui. Aliyeuingiza mgawanyo wa historia ya Ulaya madarasani ni mwalimu Mjerumani, Christoph Cellarius. Mwaka 1685 alitoa kitabu cha historia ya kale, mwaka 1688 cha historia ya kati, kuanzia Kaizari Konstantino hadi Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, na mwaka 1696 cha historia mpya. Ni vitabu vitatu, na hakuna cha nne kwa ajili ya Renesansi. Wanafunzi wa Ulaya walisoma Kale, Kati na Mpya kwa zaidi ya karne moja na nusu bila kuambiwa kwamba katikati ya hizo mbili za mwisho kuna zama nyingine.

Zama hiyo ilipenyezwa katika karne ya 19. Mwaka 1855 mwanahistoria Mfaransa Jules Michelet aliupa jina la Renaissance mmoja wa mijalada ya historia yake ndefu ya Ufaransa, akimaanisha karne ya 16, Wafaransa walipoirudia nchi yao kutoka vita vya Italia wakiwa na macho mapya. Miaka mitano baadaye Jacob Burckhardt, mwanahistoria wa Basel, Uswisi, akatoa kitabu chake kuhusu utamaduni wa Renesansi nchini Italia. Kwa Burckhardt mambo makubwa yalitokea karne za 14 na 15, katika miji na makasri ya watawala wa Italia, na humo ndimo mtu wa kisasa, anayejijua kuwa mtu binafsi na si tu mwana wa ukoo au mwanachama wa chama cha mafundi, alimozaliwa. Kauli ya redioni, kwa kiasi kikubwa, ni Burckhardt aliyepunguzwa hadi akaisha. Na tazama kwamba hao waasisi wawili wenyewe hawakubaliani ni karne ipi wala ni nchi ipi.

Wanahistoria wa Zama za Kati hawakukaa kimya. Mwaka 1919 Mholanzi Johan Huizinga aliitazama Flanders na Burgundy ya karne ya 15, ile ya mchoraji Jan van Eyck ambaye wengine humwita mwanzilishi wa Renesansi ya kaskazini, akasema anachokiona pale ni jioni ya Zama za Kati. Mwaka 1927 Mmarekani Charles Homer Haskins akaandika kuhusu renesansi ya karne ya 12, akionyesha kwamba vyuo vikuu, sheria ya Kirumi, mashairi ya Kilatini na falsafa ya Kigiriki vilikwisha kuchipuka au kufufuka karne mbili kabla ya Petrarca. Wengine wakarudi nyuma zaidi, hadi kwa Karolo Mkuu (Charlemagne), mfalme wa Wafranki, mwaka 800 na pembeni yake.

Hapo kwa Karolo Mkuu nitakaa kidogo, kwa sababu ushahidi wake uko mbele ya macho yako sasa hivi. Herufi ndogo hizi za Kilatini unazozisoma, a, e, g, n, zina ukoo. Katika monasteri za enzi ya Karolo Mkuu waandishi walitengeneza mwandiko wa duara, safi, rahisi kusomeka, wakautumia kunakili vitabu kwa wingi. Kazi nyingi za waandishi wa Roma tulizo nazo zimetufikia kwa sababu watawa hao, katika karne za 8 na 9, walizinakili, wakati nakala za kale zilikuwa zinaoza. Miaka 600 baadaye akina Poggio Bracciolini wakazunguka kwenye monasteri za Ujerumani na Uswisi wakitafuta vitabu vilivyopotea. Mwaka 1417 Poggio alilipata shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale. Wakaupenda pia mwandiko mzuri wa vitabu hivyo, tofauti kabisa na mwandiko wa pembepembe uliobanana wa siku zao, wakauita mwandiko wa kale, wakauiga wakiamini kwamba wanamfuata Cicero. Wachapaji wa Venice wakautengenezea herufi za madini ya risasi miaka ya 1470, na ndio tulio nao kwenye simu zetu. Yaani watu wa Renesansi waliitafuta Roma, wakamkuta mtawa wa karne ya 9, wakamdhania Mrumi.

Ndiyo maana naona haya kusikia kwamba Ulaya ilikuwa imelala. Lucretius hakujihifadhi mwenyewe.

Vilevile elimu ya Kigiriki. Huwa inaelezwa kwamba Konstantinopoli ilipoanguka tarehe 29 Mei 1453 wasomi walikimbilia Italia na vitabu vyao mikononi, Renesansi ikaanza. Wapo waliokuja, na walisaidia sana. Lakini Manuel Chrysoloras alikwenda Florence kufundisha Kigiriki mwaka 1397, akiwa amealikwa na kulipwa na mji wenyewe. Kuba la Brunelleschi juu ya kanisa kuu la Florence lilifungwa mwaka 1436. Kardinali Bessarion, Mgiriki mwenye maktaba iliyokuja kuwa hazina ya Venice, alikwisha kuhamia Italia zaidi ya miaka kumi kabla mji haujatekwa. Tukio la 1453 haliwezi kuzaa kitu kilichokuwa kimeshakomaa. Na Aristotle alikuwa amefika Ulaya magharibi zamani, kwa njia nyingine kabisa. Huko Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona na wenzake walitafsiri kutoka Kiarabu, na kitabu kikubwa cha falaki cha Ptolemaio walikimaliza mwaka 1175. Pamoja na Wagiriki walikuja wanafalsafa Waislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17. Msimuliaji anayeruka kutoka Roma hadi Florence anawaruka hawa wote.

Kwa nini basi Italia? Fedha za biashara na benki, miji iliyojitawala na kushindana, magofu ya Roma kila upande, na wanasheria na makarani wengi waliohitaji Kilatini kizuri kazini. Hayo yanatosha, vitabu vya shule havikosei hapo.

Penye kosa kubwa ni kwenye dini na sayansi. Renesansi haikuiacha dini. Papa Nikolasi V, aliyetawala 1447 hadi 1455, ndiye aliyeweka msingi wa Maktaba ya Vatikani. Lorenzo Valla, aliyethibitisha mwaka 1440 kwamba ile hati ya Konstantino ya kumpa Papa utawala wa magharibi ilikuwa ya kughushi, kwa kupima Kilatini cha hati yenyewe, hakufungwa. Baadaye alipewa kazi katika ofisi za Papa huyo huyo Nikolasi. Dari la Kanisa la Sistina lilichorwa na Michelangelo kuanzia 1508 hadi 1512 kwa agizo la Papa Julio II. Aliyelitikisa Kanisa Katoliki ni Martin Luther kuanzia 1517, na hayo ni Matengenezo ya Kiprotestanti, jambo jingine, ingawa Luther alinufaika na wasomi wa Kigiriki na Kiebrania waliomtangulia.

Na sayansi pia. Wasomi wa Renesansi, wengi wao, walikuwa watu wa sarufi, ufasaha, mashairi, historia na maadili. Ukimuuliza Petrarca kuhusu sumaku angekuuliza inamsaidia nini mtu kuishi vizuri. Mwaka 1543 ni kweli ulileta vitabu viwili vikubwa, cha Copernicus kuhusu mizunguko ya anga na cha Vesalius kuhusu mwili wa binadamu, na wote wawili waliwasoma Wagiriki wa kale kwa makini. Lakini walisomea pia Padua, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1222, katikati kabisa ya hilo giza. Yale tunayoyaita mapinduzi ya sayansi ni ya kina Galileo na Newton. Michelangelo alifariki tarehe 18 Februari 1564 na Galileo alikuwa na umri wa siku tatu. Kitabu kikuu cha Newton kilitoka mwaka 1687. Na wale wanaosema "akili iliwekwa mbele ya imani" wanazungumzia Zama za Mwangaza, karne ya 18, akina Voltaire. Kuanzia Petrarca hadi Voltaire ni miaka 400. Ukivibana vyote katika neno moja, neno hilo halibebi tena chochote.

Nikiwa hapo hapo: kuchoma wachawi. Ukitaka kumtukana mtu leo kwa ukatili wake unamwambia ana mambo ya Zama za Kati. Msako mkubwa wa wachawi Ulaya ulipamba moto kati ya 1560 na 1630 hivi, watu wapatao 40,000 hadi 50,000 wakauawa katika karne chache. Shakespeare alikuwa hai. Mashine za kuchapia zilikuwa zinachapa vitabu vya jinsi ya kuwatambua wachawi.

Kwa hiyo Renesansi inakaa wapi? Jibu la wanahistoria wengi wa sasa ni kuyatenganisha maswali mawili. Ukiuliza kuhusu zama, watakupa Zama za Kati hadi karibu 1500, kisha Zama za Kisasa za Mwanzo hadi karibu 1800, yaani kutoka uchapaji, safari za baharini na Luther hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Ukiuliza kuhusu Renesansi, watakuuliza ya wapi. Italia ilikuwa nayo karne ya 14 na 15, ikafika kilele mwanzoni mwa ya 16. Ufaransa iliipata hasa baada ya jeshi la Charles VIII kushuka Italia mwaka 1494. Uingereza ilikuwa bado nayo mwaka 1600, wakati Roma ya mchoraji Caravaggio ilikuwa imekwenda kwingine. Ni wimbi lililopita juu ya mpaka wa zama bila kuujali, na halikumgusa kila mtu. Mkulima wa Poland wa mwaka 1550 hakuzaliwa upya. Sheria za kumfunga kwenye shamba la bwana wake zilikuwa zinazidi kukazwa.

Nina wasiwasi pia na tabia ya kuubeba mpaka huu na kuuweka kwetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mzuri wenye biashara ya dhahabu ya Sofala. Petrarca alikuwa na umri wa miaka 27. Kuiita ile "Kilwa ya Zama za Kati" kunaeleweka kama kifupi cha tarehe, lakini Kilwa haikuwa katikati ya Roma na Florence. Ikiwa pwani yetu ina mpaka mahali hapo, ni 1498 na 1505, kwa sababu ya merikebu na mizinga ya Wareno, si kwa sababu ya barua za Cicero.

Hata hivyo Renesansi yenyewe ilitufikia kwa mawe. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya Wareno, na aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan. Nimewahi kusikia ikiitwa ngome ya Zama za Kati, na naelewa sababu: kuta nene, mizinga, vyumba vyenye giza. Lakini ngome ya Zama za Kati ina kuta ndefu na nyembamba za kuzuia ngazi na mishale, na kuta za aina hiyo ndizo mizinga ya Charles VIII ilizozibomoa Italia. Waitalia wakajibu kwa kuta fupi, nene, zenye pembe zinazotokeza nje ili askari wa pembe moja wafyatue kando ya ukuta wa nyingine. Ndizo pembe unazoziona Mombasa. Na ukiitazama ngome kutoka juu ina kichwa, mikono na miguu, kwa kuwa wasanifu wa shule ya Cairati waliamini kwamba vipimo kamili vinapatikana katika mwili wa binadamu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, ni ngome ya Renesansi iliyojengwa katika Zama za Kisasa za Mwanzo, ingawa najua hayo ni maneno mengi kwa kibao cha mlangoni.